Kitabu Nilichokatazwa na Edina

Tuko wanawake saba, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana nyumbani kwa mwenzetu mmoja hapa Njombe kuzungumzia vitabu tulivyosoma. Wapo walimu wawili, nesi, mke wa mchungaji, na sisi wengine tunaohangaika na biashara zetu. Chai ya tangawizi inapita, viazi vya kukaanga vinapita, na kila mmoja kwa zamu yake anaeleza alichosoma na kutushauri tukitafute au tukiache. Mwezi uliopita mmoja wetu aliinua kitabu chake juu, akasema, "Hiki mtu asikisome. Nimewatangulia ili niwaokoe." Watu walicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kitambaa. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye baridi, simu sikioni, nikijifanya nimepigiwa.

Hakuna aliyenipigia. Ni kwamba nilikuwa na miaka kumi na moja tena, nimekaa juu ya mabanzi nyuma ya karakana ya baba, na mtu niliyempenda kuliko wote shuleni alikuwa amesema mbele ya watu kwamba mimi nisisome.

Edina alikuja shuleni kwetu tukiwa darasa la tano, katikati ya muhula, msimu ule ambao ukungu haunyanyuki mpaka saa nne asubuhi na mtoto anaandika huku mkono mwingine ameuficha ndani ya sweta. Mwalimu alimweka kwenye dawati letu, mimi na Oliva, kwa kuwa sisi tulikuwa wadogo wa mwili na nafasi ilikuwepo. Alikuwa Mkinga wa Ipelele, kule Makete, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu. Sisi maneno yakituishia tulikimbilia Kibena. Aliishi kwa bibi yake, jirani na kanisa. Siku ile ile ya kwanza nilimwuliza, "Mama yako yuko wapi?"

"Yuko Ipelele," akajibu.

Nikaridhika. Kwa akili yangu nilishampanga: mama analima Ipelele, mtoto ameletwa mjini kusoma. Watoto wa namna hiyo walikuwa wengi.

Kilichotuunganisha hasa ni begi lake. Mama yake mdogo alikuwa na gesti Makambako, karibu na stendi. Makambako ni mji wa watu wanaopita. Wa Mbeya, wa Songea, wa Dar es Salaam, wote wanalala usiku mmoja na asubuhi wanaendelea na safari. Wageni husahau vitu. Huyu anaacha mtandio, yule anaacha mswaki, na mara moja moja mtu anaacha kitabu chini ya mto. Mama mdogo mwenyewe hakuwa msomaji, lakini hakuweza kutupa kitu chenye maandishi. Alivikusanya kwenye kiroba nyuma ya mlango, na kila Edina alipokwenda kumtembelea alirudi na begi linalomvuta bega upande mmoja. Vitabu vile vilinukia sabuni ya mashuka. Mpaka leo nikipita karibu na mahali wanapofua mashuka mengi, ninasikia hamu ya kusoma.

Kwetu hapakuwa na maktaba. Kitabu cha darasani tulikisoma watu watano, wa pembeni akisoma kwa kukisia. Kwa hiyo lile begi lilikuwa jambo kubwa. Kila Ijumaa baada ya masomo tulikwenda nyuma ya karakana ya baba yangu, ambaye ni seremala, tukapanda juu ya lundo la mabanzi ya mipaina. Utomvu ulitugandia kwenye sketi. Utaratibu aliuweka Edina: aliyemaliza kitabu anasimama, anasema "Mkisome" au "Msikisome," anatoa sababu zake, na mwisho wa hadithi hausemi. Oliva hakuliweza hilo la mwisho.

"Mkisome," alisema siku moja, macho yakimng'aa. "Ni kizuri, jamani! Yule askari anakuja kugundua mwizi ni kaka yake mwenyewe."

Tulimpigia kelele mpaka baba akachungulia na randa mkononi. Oliva alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Samahani. Limeniponyoka."

Edina ndiye aliyekuwa na kipaji. Angeweza kukufanya utamani kusoma tangazo la mnada. Nakumbuka kijitabu cha ufugaji wa kuku, kurasa chache tu, ambacho mgeni fulani bwana shamba alikisahau.

"Mkisome," Edina alisema. "Hakina hadithi, lakini fungueni ukurasa wa tisa. Wanaeleza jinsi kifaranga anavyopasua yai kutoka ndani. Anagonga, anachoka, anapumzika, anaanza tena, siku nzima. Na mama yake yuko juu yake anamsikia."

"Kuku tu?" Oliva akauliza.

"Wewe soma. Halafu kesho uje uniambie kama umekula yai."

Nilisoma ule ukurasa wa tisa mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote mwaka ule.

Mwaka ule mama yangu hakuwepo nyumbani. Alianza kukohoa wakati wa kuvuna mahindi, akakohoa mpaka mvua zikaanza, akakonda, halafu baba akampeleka hospitali ya misheni iliyo mbele ya Makambako. Watoto hatukuruhusiwa kuingia wodi ile. Nilipouliza atarudi lini, baba alisema, "Mvua zikikatika atarudi," na nilipouliza tena kesho yake alisema vile vile, kwa maneno yale yale. Alijitahidi, maskini. Alisonga ugali wenye madonge. Alifua sare yangu jioni na kuianika juu ya moto, ikakauka vizuri, ila niliingia darasani nikinuka moshi. Kuna watoto walioziba pua. Edina hakuziba. Siku moja alinitolea kutoka begini kipande kidogo cha sabuni, zile za gesti zilizofungwa kwenye karatasi, akanikabidhi chini ya dawati. Niliipenda ile sabuni. Niliionea uchungu kuilowesha.

Kisha kikaja kile kitabu. Jalada lake lilikuwa limechanika zamani, na mtu alikuwa amegandisha karatasi ya kijani mahali pake, kwa hiyo jina hakikuwa nalo. Tulikiita "kile cha kijani." Edina alikaa nacho wiki tatu, jambo lisilo la kawaida kwake. Nilimwona akikisoma wakati wa mapumziko, amegeukia ukuta. Nilimwona akifuta pua kwa mkono wa sweta. Mtu anayelia kwa kitabu! Nilikuwa nakitaka kitabu kile kama mtu mwenye njaa.

Ijumaa ilipofika alisimama juu ya mabanzi, akakishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

"Oliva, wewe ukitaka kisome," alisema. "Witi asikisome."

Jina langu ni Witnesi. Witi ndivyo walivyoniita. Nilifikiri sikusikia vizuri.

"Kwa nini mimi nisikisome?"

"Basi tu."

"Basi tu ndiyo nini? Sheria ni kutoa sababu. Sheria uliiweka wewe."

"Ni kibaya."

"Kama ni kibaya mbona Oliva akisome? Mbona ulikuwa unakililia?"

Edina alitazama chini. Alikuwa amevaa viatu vya plastiki, na alianza kubandua gamba la banzi kwa ncha ya kiatu. "Witi, kuna vingine begini. Kuna kimoja cha safari ya treni, utakipenda sana."

Hapo ndipo nilipofanya hesabu yangu ya kitoto. Nilikumbuka ile sabuni. Nilikumbuka kwamba mwezi uliopita nilirudisha kitabu kikiwa na alama ya masizi ya kidole. Nikaona kila kitu wazi: Edina hakuziba pua kwa kuwa tu alikuwa mstaarabu kuliko wenzake, lakini alikuwa ananisikia nikinuka kama wao. Kitabu alichokipenda kuliko vyote hakutaka kiguswe na mikono yangu.

"Ndiyo maana mama yako amekutupa huku," nilisema. "Krismasi imepita hakuja. Pasaka hatakuja. Yuko Ipelele anakula viazi vyake kwa raha. Hakutaki."

Msumeno ulikuwa unalia ndani ya karakana, kisha ukanyamaza, kwa hiyo maneno yangu ya mwisho yalisikika peke yake. Edina alikitia kitabu begini. Alifunga zipu, ambayo ilikuwa mbovu na ilihitaji kuvutwa taratibu, na sisi wawili tukamtazama akihangaika nayo mpaka ikafika mwisho. Akashuka, akaenda.

"Umekosea," Oliva alinong'ona.

"Yeye ndiye aliyeanza," nikasema.

Wiki iliyofuata hatukusemezana, ingawa tulikaa dawati moja na viwiko vyetu vilikuwa vinagusana. Ijumaa, nilipofungua mfuko wangu nyumbani, nilikikuta kile cha kijani kimefungwa kwenye gazeti. Hapakuwa na barua. Nilijiona nimeshinda. Jumamosi baba alipokwenda karakana, nilikaa jikoni napukuchua mahindi, nikakiegemeza kitabu kwenye chungu na kuanza kusoma.

Kilikuwa kinamhusu msichana ambaye mama yake anaugua. Alipelekwa mbali kutibiwa, na msichana akawa anaandaa nyumba kwa siku ya kurudi kwake. Anafagia, anapanda maua mlangoni, anamwekea vitumbua viwili kwenye sahani kila Jumapili. Baba yake alimwambia mama atarudi maua yakichanua. Maua yakachanua. Baba akasema atarudi mananasi yakiiva. Kufika katikati ya kitabu msomaji anajua, na majirani wanajua, na hata mbwa anaonekana kujua, ila msichana hajui, kwamba mama yake alishazikwa zamani.

Sikuweza kwenda mbele. Mahindi yalimwagika. *Mvua zikikatika atarudi.* Kwa maneno yale yale, kila siku. Nilikumbuka jinsi akina mama wa kanisani walivyokuja nyumbani na kuacha kuongea nilipoingia. Nilikumbuka baba akiikunja khanga ya mama na kuiweka sandukuni. Nikatoka mbio bila viatu, nikapita katikati ya mikaratusi, nikaingia karakana nikiwa nalia kwa sauti.

"Mama amekufa! Mama amekufa na mnanificha!"

Baba aliacha randa ikaanguka. Alinishika mabega. "Nani amekuambia? Witi, nani amekuletea habari?" Nilimwona amepauka usoni, na baadaye sana, nikiwa na watoto wangu, ndipo nilipoelewa kwamba kwa dakika ile naye aliamini.

Nilipomwonyesha kitabu alikaa chini juu ya maranda. Hakunikaripia. Akasema, "Kesho baada ya ibada tutakwenda. Utamwona mwenyewe."

Tulikwenda. Tulibadilisha basi Makambako, upepo ukitupiga vumbi machoni, na nilikaza macho yangu mbele nisitazame upande wa gesti. Hospitalini nesi mmoja alikubali kumtoa mama nje, kwenye benchi la uani, mradi nisimkaribie sana. Alikuwa mwembamba, sweta limekuwa kubwa kwake, lakini alikuwa amekaa mwenyewe bila kushikwa, akimenya chungwa.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimia kwa Kibena. "Wanasema umeniua?"

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja. Kisha nikamweleza yote, kwa sababu hatua tatu zilizotutenganisha zilifanya ionekane kama kuungama kanisani. Nilimweleza kitabu, mabanzi, sabuni. Nilipofika kwenye yale niliyosema kuhusu mama wa Edina, mama yangu aliacha kumenya.

"Witi. Yule mtoto hana mama."

"Anaye. Yuko Ipelele. Yeye mwenyewe kasema."

"Amezikwa Ipelele. Bibi yake alimleta huku baada ya matanga. Akina mama tulikwenda kumpa pole kabla sijaanza kulazwa."

"Lakini anasema *yuko* Ipelele."

"Na yuko," mama akasema.

Jumatatu nilifika shuleni kabla ya mwalimu wa zamu. Nilikuwa nimekariri la kusema. Upande wa Edina kwenye dawati letu ulibaki wazi mpaka kengele ikalia, mpaka mapumziko, mpaka mwisho wa vipindi. Nilikwenda kwa bibi yake. Alikuwa anaanua mbogamboga, akanishangaa. "Mama yake mdogo alikuja kumchukua jana, mjukuu wangu. Atasoma kule kule Makambako. Ni jambo tulilopanga tangu mwezi uliopita. Hakukuambia?"

Hakuniambia. Labda alipanga kuniambia Ijumaa ile, baada ya vitabu.

Mvua zilikatika, na mama akaruhusiwa. Baba alinichukua tukamfuate. Wakati wa kurudi naye, tulipofika Makambako kubadilisha basi, niliwaomba tupitie gesti. Nilikuwa nimekuja na kile cha kijani, sijakisoma zaidi ya pale nilipoishia. Baba alitazama jua, mama akasema, "Mwache aende, sisi tutakaa hapa kivulini."

Mama mdogo alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole. Nilimpa shikamoo, nikamwuliza Edina.

"Ameenda Ipelele na bibi yake. Wanajengea kaburi la dada yangu. Watarudi keshokutwa." Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Wewe ndiye Witi, siyo? Kaa. Nikuletee uji."

Kwenye meza ya mapokezi, kando ya kitabu cha wageni, palikuwa na daftari lenye mwandiko niliokuwa naujua. Nilifungua. Edina alikuwa amepiga mistari kwa rula: jina la kitabu, kina nini, nani asome. Sikuwahi kujua kwamba anaandika. Kwenye kile cha kuku: *ukurasa wa 9. Witi, Oliva.* Kwenye cha yule askari: *Oliva asiwe wa kwanza.* Kisha kikaja kile cha kijani, alichokipa mstari mrefu kuliko vyote. *Ni kweli tupu, ndivyo ilivyo. Oliva anaweza. Witi bado, mpaka mama yake apone.*

Niligeuza ukurasa. Daftari liliendelea. Vilikuwepo vitabu kumi au zaidi ambavyo sikuwahi kuviona, vyote alivyovisoma Makambako baada ya kuondoka, baada ya yale niliyomwambia. Na kwenye mstari wa mwisho wa kila kimoja aliandika jina langu. *Witi. Witi. Witi, akisome kwa sauti. Witi, akiwa mkubwa. Witi, atacheka.*

Penseli ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye kitabu cha wageni. Niliivuta mpaka ikafika, nikaandika chini ya jina langu la mwisho: *Mama amepona. Yuko hapa nje. Nilisema vibaya, sikujua, nisamehe. Nakuja kuvichukua vyote.* Baba aliita kutoka barabarani kwamba basi linajaza. Niliacha kile cha kijani juu ya daftari na uji ukiwa haujaguswa.

Sikurudi upesi. Mtoto hajipeleki Makambako mwenyewe. Nilingoja barua, nikamtuma kila mtu mzima niliyesikia anapita njia ile, na nilipofaulu kwenda sekondari na basi letu likasimama pale, nilikimbia mpaka kwenye gesti. Palikuwa pameshakuwa duka la mabati na misumari. Mwenye duka alisema yule mama aliuza nyumba akahamia kwa mume, hajui kama ni Songea au Tunduma. Bibi yake Edina alikuwa amefariki. Oliva, ambaye sasa analima maparachichi Kifanya, aliwahi kudhani amemwona sokoni Mafinga, akamwita, mwanamke hakugeuka. Nimeandika jina lake kwenye simu mara nyingi. Wapo Edina wengi, na ninafungua picha moja baada ya nyingine, na ninazifunga. Sijui hata kama aliyasoma niliyoandika.

Siku hizi nikimaliza kitabu kizuri ninakaa nacho kidogo mapajani kabla ya kukiweka rafu. Wenzangu sita ni wema, na wananipa vitabu vizuri. Lakini hakuna anayenijua kiasi cha kuniambia, "Witi bado."

Wiki iliyopita nilikuwa kwa mama. Amezeeka, ana kifua kizima kuliko changu, na alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Nilimkuta katikati ya mawazo yake, na hakuanza na salamu.

"Yule Edina wako, hujampata?"

"Sijampata, mama."

Alitupa jiwe dogo nje ya ungo, akapembua, akatupa lingine.

"Endelea kumtafuta," alisema. "Nataka aje anione nilivyopona."